Sura ya 5: Peugeot Nyeupe na Hesi Zake

Kwa msomaji wa Nakuru au Arusha, Peugeot ni gari. Ni 404 iliyotwaa Safari Rally mara nne katika miaka ya 1960, ni 504 iliyoshinda tena mwaka 1975 na 1978, ni zile stesheni wagoni ndefu zilizopakia abiria na mizigo yao kutoka mji hadi mji kabla ya nissani kuzagaa barabarani. Lakini ukoo wa Peugeot ulikuwa ukifua chuma mashariki ya Ufaransa muda mrefu kabla ya gari. Walitengeneza misumeno. Vinu vyao vya kahawa viliingia sokoni mwaka 1840, na yule simba anayekaa mbele ya gari alisajiliwa mwaka 1858 kama alama ya ubora wa msumeno. Baiskeli yao ya kwanza, yenye gurudumu kubwa mbele na dogo nyuma, ilitoka mwaka 1882.

Sura hii inahusu mjukuu wa baiskeli hiyo: PX-10, baiskeli ya mbio ya kiwanda cha Beaulieu, iliyotamba tangu miaka ya 1950 hadi ya 1970. Nyingi zilipakwa rangi nyeupe, na viungio vya fremu vikachorwa kingo kwa mstari mweusi mwembamba. Ilikuwa baiskeli ya duka iliyokaribia sana ile ya waendeshaji wa timu, na timu yenyewe haikuwa ya mchezo. Tom Simpson, bingwa wa dunia wa mwaka 1965, alivaa jezi ya Peugeot. Eddy Merckx akiwa bado kijana alishinda Milano–San Remo mwaka 1966 na 1967 akiwa na timu hiyo hiyo. Bernard Thévenet alitwaa Tour de France mara mbili, 1975 na 1977, na katika ile ya kwanza alimvunja Merckx mwenyewe kwenye mpando wa Pra-Loup.

Nimeichagua PX-10 kwa sababu inafundisha kwa ukali. Fundi aliyeifufua moja vizuri hatababaishwa na Raleigh ya Uingereza wala Bianchi ya Italia. Vipimo vyake vingi ni vya Kifaransa, havilingani na vya mtu mwingine, na tofauti zenyewe ni ndogo kiasi kwamba jicho halizioni. Na tena, karibu kila kitu ndani yake kinafunguka. Habu inafunguka, pedali inafunguka, shingo ya foki inafunguka, ekseli ya kati inafunguka, na kila mahali utakuta gololi, grisi na nati. Waliounda baiskeli hii walitarajia kwamba siku moja mtu mwingine ataifungua. Ninaiheshimu sana nia hiyo, na naona mfufuaji naye anapaswa kuiheshimu kwa kutovunja kinachoweza kufunguliwa.

Watu wengi huanza na sabuni na burashi. Mimi nashauri uanze na kalipa, uzi na tochi, kabla hujatumia hata shilingi moja. Kitu cha kwanza cha kujua ni kama fremu inastahili kazi. Funga uzi kwenye mdomo wa nyuma unaoshika ekseli upande wa kushoto, upitishe mbele ya bomba la kichwa, uurudishe hadi mdomo wa kulia na uukaze. Pima umbali kati ya uzi na bomba la kiti, kushoto kisha kulia. Vipimo vikilingana, au vikipishana kwa milimita moja tu, sehemu ya nyuma imenyooka. Kisha pitisha kidole chini ya bomba la chini na bomba la juu, sentimita chache nyuma ya kichwa cha fremu. Ukihisi mkunjo au uvimbe, au ukiona rangi imepasuka kwa mstari wa kukingama, baiskeli hiyo imewahi kugonga kitu kwa mbele. Foki itazame kwa ubavu: mikono yake miwili iwe inakwenda sambamba na bomba la kichwa hadi pale inapoanza kujipinda kwenda mbele. Fremu iliyogongwa inaweza kurekebishwa na fundi wa fremu, lakini gharama yake hupita thamani ya PX-10 ya kawaida. Hapo ni bora kuiacha, au kuinunua kwa ajili ya spea.

Fremu iliyonusurika ina sababu ya kunusurika. Mabomba yake ni Reynolds 531, chuma chenye manganizi na molibdenamu kilichoanza kuuzwa na kampuni ya Reynolds ya Birmingham mwaka 1935. Bomba lake si nene sawasawa urefu wote. Kwenye ncha, ambako joto la kuunganisha na mkazo wa safari hukutana, ukuta una unene wa karibu milimita 0.9, na katikati unapungua hadi karibu 0.6. Ufundi huo wa kunenepesha ncha kwa ndani Reynolds waliusajili mwaka 1897. Mabomba huingizwa ndani ya viungio vya chuma, kisha shaba iliyoyeyushwa hupenya katikati yake. Chuma chenyewe hakiyeyuki. Ndiyo maana bomba moja lililoharibika linaweza kuchomolewa na kubadilishwa, jambo lisilowezekana kwa fremu nyingi za leo.

Kuna jambo jingine kuhusu chuma ambalo linaamua mpango mzima wa kazi. Chuma kikibebeshwa mzigo ulio chini ya kiwango fulani, kinaweza kuubeba mara mamilioni bila kuchoka. Alumini haina kiwango hicho. Kila mzigo, hata mdogo, unaiongezea uchovu kidogo, na siku moja inakatika bila kupinda kwanza. Kwa hiyo umri wa miaka 50 si hoja kubwa kwa fremu iliyonyooka, lakini ni hoja nzito kwa usukani, kwa shingo inayoubeba, na kwa krenki. Safisha vitu hivyo vitatu hadi ving'ae, uvitazame kwa lenzi kwenye mwanga mkali: usukani pale unapobanwa na shingo, krenki pale mikono inayoshika sproketi inapoanzia na kuzunguka tundu la pedali. Methali yetu ya kuziba ufa haisaidii hapa, kwa sababu ufa wa alumini hauzibwi. PX-10 nyingi zilitoka kiwandani na shingo ya AVA, ambayo ina sifa mbaya ya kupasuka kwenye ile mikato iliyo chini, ndani ya foki, mahali pasipoonekana baiskeli ikiwa imefungwa. Shingo ya aina hiyo mimi siirudishi kwenye baiskeli itakayoendeshwa. Iwekwe kabatini kama kumbukumbu. Mtu anayesisitiza kila kitu kiwe cha asili ajiulize kama anataka meno yake ya asili pia, maana usukani ukikatika kwenye mteremko hakuna breki wala ujuzi utakaomsaidia.

Kisha kuna vitu vilivyogoma. Nguzo ya kiti ni ya alumini, fremu ni ya chuma, na kati yake jasho na mvua za miaka mingi. Metali mbili tofauti zikiloweshwa na maji ya chumvi hutengeneza umeme mdogo, na katika umeme huo alumini ndiyo inayoliwa. Unga mweupe unaotokea huchukua nafasi kubwa kuliko alumini iliyoliwa, hivyo nguzo inabanwa ndani ya bomba kana kwamba imechomelewa. Anza kwa upole: legeza bolti ya kiti, geuza baiskeli juu chini, mimina mafuta ya kulegeza kutu kupitia nyumba ya ekseli ya kati, uiache usiku kucha. Siku ya pili rudia. Watu hukimbilia moto, na moto wenyewe unahitaji akili. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma kwa kila nyuzi ya joto, kwa hiyo ukipasha vyote viwili pamoja unazidi kuvibana. Kinachosaidia ni baridi: pakiti za barafu kwenye nguzo yenyewe, kisha ujaribu kuizungusha mara moja. Nguzo ibanwe kwenye jiriwa na fremu yenyewe itumike kama mtaimbo, ikizungushwa kushoto na kulia polepole, bila kuivuta mpaka iwe imeanza kuzunguka.

Ikishindikana kabisa, njia mbili zinabaki. Moja ni kuikata nguzo, kuingiza msumeno wa chuma ndani yake na kuipasua kwa urefu, kazi ya saa nyingi inayotaka mkono mtulivu ili meno ya msumeno yasiguse bomba la fremu. Nyingine ni kostiki soda, ile wanayotumia watengenezaji wa sabuni. Inayeyusha alumini na kukiacha chuma, lakini inatoa joto na gesi ya haidrojeni inayoshika moto, inachubua rangi, na tone moja linaweza kupofusha jicho. Ukiichagua, fanya kazi nje ya nyumba, vaa glavu na miwani ya kazi, watoto wawe mbali. Mimi napendelea msumeno.

Nguzo ikitoka, pima. Kwa PX-10 kipimo cha kawaida ni milimita 26.4. Baiskeli ya Kiingereza yenye mabomba ya aina hiyo hiyo huchukua 27.2. Tofauti ni kwa sababu mabomba ya Kifaransa yalivutwa kwa kipenyo cha nje cha milimita kamili, 28, ilhali ya Kiingereza yalifuata inchi. Shingo ya usukani nayo ni milimita 22.0, wakati ya kila mtu mwingine ni 22.2. Hapa kuna nafuu: shingo mpya ya kawaida inaweza kupunguzwa kwa msasa mzunguko wote, taratibu, ukipima kila mara, hadi iingie kwa kusukumwa na mkono. Usiigongee kwa nyundo. Foki ikipasuliwa kwa ndani hakuna atakayejua mpaka siku ya ajali.

Sasa tuje kwenye hesi, ambako PX-10 imewaliza mafundi wengi.

Nyumba ya ekseli ya kati ina hesi pande zote mbili, na ndani yake vimefungwa vikombe viwili vinavyobeba gololi. Kwa Waingereza, na leo kwa karibu dunia nzima, kipenyo ni inchi 1.37, yaani milimita 34.8, na kuna hesi 24 katika kila inchi. Kwa Wafaransa wa enzi hiyo ni milimita 35 na hatua ya milimita 1 kati ya hesi na hesi. Tofauti ya kipenyo ni milimita 0.2. Kikombe cha Kiingereza kitaingia upande wa kushoto wa fremu ya Kifaransa mizunguko miwili mitatu kwa mkono, halafu kitakaza. Fundi asiyejua atasema ni kutu, atachukua spana ndefu, na kwa nguvu hizo atakata hesi mpya juu ya zile za zamani. Fremu iliyovuka miaka 50 salama inaharibiwa kwa dakika moja.

Upande wa kulia kuna mtego mwingine. Kikombe cha Kiingereza cha upande huo kina hesi ya kushoto: kinakazwa kwa kugeuza kinyume na saa. Sababu ni ya kimakanika. Ekseli inapozunguka chini ya mzigo, gololi zinakisukuma kikombe kidogo kidogo kinyume na mzunguko wa miguu, na hesi ya kushoto hugeuza msukumo huo uwe wa kukaza. Wafaransa waliweka hesi ya kawaida pande zote mbili, kama Waitaliano, kwa hiyo kikombe chao cha kulia kina tabia ya kulegea kikiwa kazini. Kinapaswa kukazwa zaidi kuliko unavyodhani. Na wakati wa kukifungua, usikigeuze kama ulivyozoea kwenye Raleigh, maana utakuwa unakikaza. Marehemu Sheldon Brown, fundi wa Massachusetts aliyefariki mwaka 2008 na aliyeeleza vipimo hivi kwa subira kubwa, alipendekeza kifaa kinachoweza kuundwa na yeyote: bolti nene, nati na washa kadhaa. Bolti hupitishwa kwenye tundu la kikombe na kubanwa pande zote mbili, kisha bolti ndiyo inayogeuzwa, na kikombe kinafuata. Nguvu inakwenda sawasawa na spana haitelezi.

Pedali ni milimita 14 kwa 1.25, wakati za kawaida ni inchi 9/16 zenye hesi 20 kwa inchi, ambazo ni karibu milimita 14.3. Hapa fundi mwenye tepu za kukatia hesi anaweza kulipanua tundu la krenki ya Kifaransa likapokea pedali za kawaida, na likabaki imara. Ni badiliko lisilorudi nyuma, lakini nalikubali, kwa sababu linaifanya baiskeli iweze kutumika popote. Kwa krenki zenyewe angalizo ni moja, na ni kubwa. Krenki za Stronglight, kampuni ya Saint-Étienne iliyouza krenki za alumini zisizo na kotapini tangu mwaka 1933, hazitoki kwa kivutio cha kawaida. Kivutio cha kawaida kina hesi ya milimita 22. Stronglight za miaka hiyo zinataka 23.35. Kivutio cha 22 kitaonekana kushika kidogo, na ukikaza kitang'oa hesi zote za krenki. Nunua kifaa sahihi kwanza, hata kama kitakuchelewesha mwezi mzima.

Shingo ya foki, habu na friwili zina ugomvi wao wa namna hiyo hiyo, sitaueleza wote. Kanuni yangu ni kutofunga kipande chochote kipya kabla ya kukijaribu kwa vidole vitupu hadi mwisho wa hesi.

Katika kazi nzima, beringi ndizo ninazozipenda zaidi, kwa sababu humo ndimo unapousoma uendeshaji wa mtu aliyetangulia. Fungua habu ya mbele juu ya kitambaa cheupe ili gololi zisipotee. Grisi ya zamani ikiwa ya rangi ya asali, habu hiyo ilitunzwa. Ikiwa nyeusi yenye vumbi la chuma linalometameta, kitu kimeliwa. Ikiwa ya kahawia kama matope, maji yaliingia. Osha kila kitu kwa mafuta ya taa, kausha, halafu tazama njia ambayo gololi zilipita kwenye kona, ile nati ya ekseli inayozibana gololi, na kwenye kikombe. Mstari laini unaong'aa ni uchakavu wa haki na utadumu tena kwa miaka. Vishimo vidogo ni ugonjwa, na ugonjwa wenyewe huanza karibu kila mara kwenye kona, kwa kuwa ndiyo yenye mzunguko mdogo. Kona inabadilishika. Kikombe kilichogandamizwa ndani ya habu ni kigumu zaidi kupata, na hiyo ndiyo sababu ya kutoruhusu habu iendeshwe ikiwa kavu au ikiwa inacheza.

Gololi zenyewe badilisha zote, hata zinazoonekana nzima, na usichanganye za pakiti mbili, kwa maana zile kubwa kidogo ndizo zitakazobeba mzigo wote. Nyuma kwa kawaida ni gololi 9 kila upande za robo inchi. Ekseli ya kati ni 11 kila upande za kipimo hicho hicho. Mbele ni ndogo zaidi, mara nyingi 3/16. Na hapa ugomvi wa Wafaransa na wengine unakoma. Gololi hata Ufaransa ziliendelea kupimwa kwa inchi, kwa hiyo zile za robo inchi zinazouzwa kwenye maduka ya spea ya Kariakoo kwa ajili ya Phoenix na Avon ni za kipimo kile kile kinachotakiwa na habu ya PX-10. Tafuta tu zilizo nzuri, zisizo na kutu wala mikwaruzo.

Kufunga upya ndiko kunakotaka hisia za vidole. Kona ikikazwa mno, ekseli inakwangua unapoizungusha. Ikilegea, gurudumu linacheza. Lakini kwenye habu yenye wenzo wa kufungia haraka, usitafute ukamilifu gurudumu likiwa mkononi. Wenzo ukifungwa hubana ekseli na kuifupisha kidogo sana, na ufupisho huo unatosha kuzikaza kona. Habu iliyorekebishwa vizuri inacheza kidogo ikiwa nje ya fremu, na mchezo huo unatoweka wenzo ukifungwa. Jaribu, fungua, rekebisha, funga tena. Hakuna njia ya mkato, na sijui fundi mzuri anayeipatia mara ya kwanza.

Upande wa mnyororo, uchakavu huwa wa familia: mnyororo, meno ya friwili na meno ya sproketi za mbele huzeeka pamoja. Kila pini ya mnyororo hutakiwa kuwa nusu inchi kutoka kwa jirani yake, na kipimo hicho ni kimoja kwa baiskeli ya mizigo ya Morogoro na kwa ile ya Thévenet. Kinachotofautiana ni upana. Weka rula ya inchi juu ya mnyororo uliokazwa. Pini iliyo kwenye sifuri iwe na mwenzake kwenye inchi 12 kamili. Ikiwa imepita kwa 1/16 ya inchi, mnyororo umekwisha. Ikiwa imepita kwa 1/8, karibu hakika meno ya friwili yamekwisha nayo, na mnyororo mpya utaruka juu ya meno hayo mara tu utakaposimama kwenye pedali. Sproketi za mbele hudumu zaidi. PX-10 nyingi zilikuwa na meno 52 na 45, uwiano wa vijana wenye mapaja ya mbio. Krenki ya Stronglight 93 inakubali sproketi ndogo hadi meno 38, na kwa mtu atakayepanda vilima vya kweli badiliko hilo nalipendekeza bila aibu yoyote. Zile za awali zifungwe kwenye karatasi yenye mafuta na zihifadhiwe.

Friwili iondolewe kabla ya spoki yoyote kukatwa, maana baada ya hapo hutakuwa na kitu cha kushikia. Kila aina ina ufunguo wake, na kila msukumo wa mguu kwa miongo kadhaa umekuwa ukiikaza. Bana ufunguo kwenye jiriwa, uushikilie kwa wenzo wa habu usije ukachomoka, kisha zungusha gurudumu zima kama usukani wa lori. Friwili ikiwa nzima, usiifungue ndani. Isuuze kwa mafuta ya taa hadi yatoke safi, iache ikauke, idondoshee mafuta mazito ikizunguka.

Kinachohamisha mnyororo kutoka sproketi moja hadi nyingine kilitoka Simplex, kampuni ya Lucien Juy ya Dijon. Tangu mwaka 1962 Simplex walitumia plastiki ya Delrin, nyepesi na laini, na ikiwa mpya ilifanya kazi vizuri. Lakini plastiki hiyo huzeeka. Hupasuka kwenye viungo na kwenye bano la fremu, hasa ikikaa juani. Tazama nyufa, jaribu kukitikisa kwa vidole, na ukiwa na wasiwasi wowote weka kingine cha metali cha miaka hiyo hiyo. Wajapani wa SunTour walikuwa wameshaunda mwaka 1964 muundo wa mshazari unaoifanya roda ya juu ifuate ukubwa wa meno, na hataza yao ilipokwisha katikati ya miaka ya 1980 karibu wote waliufuata. SunTour ya miaka ya 1970 kwenye PX-10 itawaudhi wakusanyaji. Itabadilisha gia vizuri kuliko Simplex yoyote.

Breki za Mafac, za kutoka Clermont-Ferrand, hazinihuzunishi. Mikono yake ni imara na kila kitu kinarekebishika. Raba zake ndizo zimekuwa ngumu kama kwato, zitupwe. Waya zote za breki na gia ziwe mpya, bila mjadala. Raba mpya zielekezwe ili ncha ya mbele iguse ringi kwanza, la sivyo zitapiga kelele mtaa mzima usikie.

Kwa magurudumu, tia tone la mafuta kwenye kila nati ya spoki siku moja kabla ya kuigeuza, maana spoki iliyoganda itajipinda na kukatika. PX-10 ilikuja na ringi za tairi za kubandikwa kwa gundi, na tairi la zamani la aina hiyo halifai kuaminiwa hata kama linajaa upepo. Asiyetaka shughuli ya gundi anaweza kusuka ringi za kawaida za 700C, zenye milimita 622 mahali tairi linapokaa, na breki zitafika bila shida. Asije akadhani ringi ya 28 ya baiskeli zetu za mizigo itaingia. Ile ni milimita 635, na breki pamoja na foki vitaikataa.

Nimeiacha rangi hadi sasa kwa makusudi, ingawa kwa wengi ndiyo ukarabati wenyewe. Naamini rangi ya kiwandani iliyobaki nusu ina thamani kuliko rangi mpya kamili. Nyeupe ya PX-10 hugeuka kuwa ya maziwa, stika zake hupasuka, na kwenye bomba la juu utaona mahali ambapo mtu aliegemeza baiskeli kwenye ukuta ule ule kwa miaka. Osha kwa sabuni ya kawaida, paka nta ya gari, basi. Kutu ya juu juu inatoka kwa asidi ya oksaliki iliyochanganywa na maji, ambayo ni sumu na inataka glavu, lakini haili chuma kizima kama zifanyavyo asidi kali. Kromu isuguliwe kwa karatasi ya alumini iliyoloweshwa maji. Sehemu iliyo wazi ipakwe rangi kidogo kwa brashi, bila kujaribu kuidanganya dunia kwamba haikuwahi kuumia. Kilicho muhimu zaidi hakionekani: mimina mafuta ya kitani ndani ya mabomba, igeuze fremu huku na huku mpaka yaenee, acha yakauke. Fremu za chuma hufa kutokea ndani. Ningependelea kuona PX-10 yenye mabaka nje na mafuta ndani kuliko inayong'aa ikiwa inaoza kimya kimya kwenye nyumba ya ekseli.

Baiskeli kama hii leo ina pa kwenda. Tangu mwaka 1997 watu hukusanyika Gaiole in Chianti, Italia, kwa ajili ya L'Eroica, safari ndefu ya barabara za changarawe inayodai baiskeli za mbio zilizoundwa kabla ya 1987, zenye wenzo wa gia kwenye bomba la fremu na waya za breki zinazopita nje. Wanaokwenda huko wanaziendesha, zinapata vumbi, zinavunjika, na zinatengenezwa kando ya njia.

Baada ya safari ya kwanza rudi na spana. Waya mpya zitakuwa zimelegea, spoki zitakuwa zimejipanga, bolti za krenki zitahitaji kukazwa tena, na kile kikombe cha kulia kitazamwe kabla ya kitu kingine chochote. Kisha chukua kadi ngumu na uandike kwa kalamu isiyofutika: nyumba ya ekseli 35 kwa 1, hesi ya kawaida pande zote, nguzo ya kiti 26.4, shingo 22.0, au ile uliyoipunguza. Kivutio cha krenki 23.35, pedali kama zilivyo sasa, na kama ulikata hesi mpya sema hivyo, upana wa nyuma milimita 120, idadi na ukubwa wa gololi kila mahali, tarehe ya grisi. Ifunge kadi kwenye plastiki na uiweke ndani ya mfuko wa vifaa chini ya kiti, ambako fundi atakayefuata ataitafuta kwanza.